Abdulaziz na Jua la Sandukuni

Nitakayoyaeleza hapa hamtayaamini, wala sitawalaumu, kwa maana hata mke wa mwenye kisa, anayelala naye nyumba moja, hakuyaamini mpaka alipoyashika kwa mkono wake. Kwetu Msambweni yuko mtu aliyelitia jua ndani ya sanduku, akalifunga na kifuniko. Si jua la kuchora ukutani. Ni jua lenyewe, lile linalowachubua wageni migongo kule Diani na kuzipausha kanga zikiwa kambani. Mtu huyo ni mpwa wangu, Abdulaziz Shutu. Akili zake zote amezirithi kikeni, yaani upande wetu. Upande wa baba yake ulimpa magoti mabovu, basi.

Abdulaziz alikuwa na miaka hamsini na miwili, na alikuwa amechoka. Uchovu wake haukuwa wa kazi ya jana, ule ambao mtu akioga na kunywa chai humtoka. Ulikuwa uchovu wa miaka thelathini ya kuukanyaga mchanga na kamera shingoni, kutoka ufuko wa Kongo mpaka wa Galu na kurudi, akiwapiga picha wageni, akizikimbiza filamu Ukunda zikasafishwe, na kesho yake akiwasaka wenye picha kabla hawajapanda ndege. Mchanga ukiutembea miaka mitatu hukupa miguu ya chuma. Ukiutembea miaka thelathini, huichukua yote na ya kwako juu. Kisha zikaja simu zenye kamera, na wageni wakawa wanajipiga wenyewe, mkono umenyooshwa mbele kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Kamera ya Abdulaziz ikatundikwa msumarini. Kilichobaki cha maana kilikuwa mabati matatu ya biskuti yaliyojaa negativu, zile filamu za zamani ambazo weupe huonekana weusi na weusi huonekana weupe: Diani ya miaka ya tisini, mivinje ambayo bahari imeshaila, mbuzi waliolala ufukweni kama wenye hoteli.

Aliyemfundisha picha za buluu ni Mwalimu Kaingu, Mduruma wa Kinango aliyesomesha kemia huku kwetu mpaka akastaafu, mtani wake wa kila siku, maana sisi ni Wadigo. Kazi yenyewe si ya kishetani, ingawa mimi mara ya kwanza nilisoma Ayatul Kursiy kimoyomoyo. Kuna chumvi mbili za maabara, moja ya kijani na moja nyekundu. Unaziyeyusha, unazichanganya, unapaka kwenye kitambaa cha pamba ndani ya chumba chenye giza la kadiri. Kitambaa kikikauka unalaza juu yake negativu kubwa, ambayo duka la fotokopi la Ukunda limeikuza kwenye plastiki angavu, unaikandamiza kwa kioo, unaitoa juani. Palipopigwa na jua panashika buluu. Palipokingwa huondoka na maji, pakabaki peupe. Dakika kumi na mbili za jua kali na beseni la maji, na picha inatoka buluu iliyokolea kama wino wa shule.

Maji nayo yana adabu yake. Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake yana chokaa hata sabuni hukataa kutoa povu. Mwalimu Kaingu alimwonya tangu siku ya kwanza: chokaa na buluu ile ni wake wenza, usiwaweke chumba kimoja. Maji ni ya mvua, ya pipa lililo chini ya mfereji wa paa.

Basi mwaka huu, mwezi wa tano, zilimfikia habari mbili katika juma moja.

Ya kwanza ilitoka kwa Judy, mama wa bara, mtu wa Nyahururu, aliyekuja pwani likizo akasahau kurudi, naye sasa alikuwa anafungua nyumba ya wageni Galu, vyumba kumi na viwili. Aliziona picha mbili za buluu ukutani kwa daktari wa meno, akauliza mpaka akamfikia mwenyewe. Alitaka kumi na mbili, kila chumba na picha yake, Diani ya zamani. Wageni wa kwanza wangeingia Jumamosi ya wiki ya pili. Alimwambia kwa kile Kiswahili cha kwao, kisichopoteza muda kwa salamu: "Mzee, Ijumaa ni Ijumaa. Usiniangushe."

Ya pili ilitoka kwa Boga, kaka yake Twaiba, mkewe Abdulaziz. Boga ni msimamizi wa walinzi, na alikuwa amemtafutia shemeji yake kazi ya geti kwenye nyumba za kupangisha pale Ukunda. Saa kumi na mbili kwa siku, kusimama. Alimtania kwamba amelikimbiza jua ujana wake wote, sasa ni zamu yake kufungua na kufunga geti kwenye kivuli cha watu. Abdulaziz hakucheka. Kazi hakuiogopa. Alichokiogopa ni kusimama, na zaidi ya kusimama, kuwa mtu ambaye watu humpita bila kumtazama, yeye aliyeyatumia maisha yake kwa kuwatazama. Lakini nyumba inakula, na bintiye Subira, aliyeolewa Tiwi, alikuwa mja mzito na mahitaji yake. Wakakubaliana mbele ya Twaiba. Picha za Judy zikitimia, Abdulaziz atabaki na kazi yake, aifanye akiwa ameketi. Zisipotimia, Jumamosi baada ya sala ya alfajiri Boga atakuja na pikipiki kumchukua.

Mambo yalikuwa hayo, na masika ndiyo kwanza yanakolea.

Siku nne za mwanzo zilikuwa za aibu. Jua linachomoza, Abdulaziz anatoka na ubao wake wenye kitambaa, negativu na kioo, anaulaza uani. Dakika ya tatu wingu linakuja. Dakika ya tano matone. Anaubeba ubao mbio kuurudisha ndani, magoti yakilia kama bawaba. Jua linachomoza tena. Majirani wakawa hawaanui nguo zao mpaka wamwone yeye akikimbia. Katika siku nne alipata picha moja, nayo nusu imekolea na nusu imepauka, kama mtu aliyepakwa dawa ya upele akaikimbia.

Mwalimu Kaingu alikuja na mwavuli, akaitazama ile picha, akamwambia kwamba jua analolihangaikia silo. Mwanga wa jua tunaouona haufanyi kazi yoyote pale. Buluu inashikwa na mionzi mingine ya jua, isiyoonekana, ile inayowachubua wageni hata siku ya mawingu. Na mionzi hiyo ina taa zake. Jikoni mwa hoteli kubwa, zile taa za zambarau zinazowaita nzi waje wafe, ndizo hizo.

"Kwa hiyo Mdigo na nzi watapanga foleni moja," akasema Mwalimu.

"Mduruma atangulie," akajibu Abdulaziz. "Nzi wanamjua."

Huo ndio ulikuwa utani wake wa mwisho kwa wiki nzima.

Fundi Fondo, mtu wa Kinondo anayetengeneza umeme wa mahoteli, alikuwa kazini katika hoteli moja iliyokuwa inavunjwa jiko ijengwe upya. Sisi watu wa huku, hoteli ikivunjwa, ni kama nyangumi amekufa ufukweni: kila mtu anarudi na kipande. Nyumba yangu mwenyewe ina bomba la kuogea lililowahi kumwagia maji Mjerumani. Fondo akaleta tyubu nane za taa za nzi pamoja na choki zake za kuziwashia, na juu ya hapo akaleta kioo, kizito, kinene, kisicho hata na kwaruzo, kilichotoka madirisha ya chumba cha kulia. Abdulaziz alikipokea kwa mikono miwili. Kioo chake cha zamani kilikuwa na ufa. Hiki kilikuwa cha hoteli.

Sanduku alilitengeneza kwa ubao wa kichwani wa kitanda chao, jambo ambalo Twaiba hakulisemea neno, na mwanamke wa Kidigo asiposema neno ujue ameliweka akiba. Ndani alibandika karatasi ya fedha ya kuokea samaki ili mwanga urudi usipotee. Tyubu nane zikapangwa kifunikoni, Fondo akazifunga nyaya. Likawa refu, lenye vishikio kila upande, na majirani wawili walipita kuuliza kwa upole ni nani aliyefariki, na kama ni wa kuzikwa kabla ya adhuhuri au baada. Mmoja alikuwa amekwisha kuvaa kanzu.

Wakalijaribu Ijumaa ya wiki ya kwanza, baada ya kuziba madirisha ya chumba kwa blanketi. Swichi ikabonyezwa, na pembeni mwa kifuniko pakavuja ule mwanga wa zambarau, mpaka meno ya Fondo yakang'aa kama ya maiti kwenye sinema. Mwalimu akawakataza wasiuangalie moja kwa moja, akawageuza ukutani kama watoto wenye makosa. Wakangoja dakika ishirini na tano. Abdulaziz akatoa kitambaa, akakitia kwenye maji ya mvua.

Kikarudi cheupe kama alivyokinunua.

Akaongeza muda, nusu saa. Cheupe. Saa nzima. Rangi ikaja kidogo, ya kukisia, kama buluu iliyosikika habari zake. Akamlaumu Fondo kwamba taa zimechoka. Fondo akaapa, akatoa ushahidi wa nzi waliokuwa bado wamekauka kwenye vishikio vya tyubu. Akailaumu dawa, akapika nyingine. Jumamosi ikaisha hivyo, Jumapili ikaisha hivyo. Jumatatu stima ikakatika tangu asubuhi hadi alasiri, naye akaketi mbele ya sanduku lililozimika kana kwamba anakesha na mgonjwa. Kila baada ya muda alinyanyuka kuibonyeza swichi, ingawa aliona wazi kwamba feni nayo haizunguki.

Hapo ndipo nguvu zilipomwishia. Mimi nimemwona Abdulaziz amekasirika, nimemwona amefiwa, lakini namna ile sikuwahi kumwona. Hakulaani. Alikunja vitambaa vilivyoharibika, kumi na kitu, akavipanga vizuri pembe kwa pembe, akaviweka chini karibu na mlango. Akamwambia mkewe amfulie ile suruali nyeusi. Twaiba akauliza ya nini. Akasema geti halimtaki mtu mwenye madoa ya buluu. Kisha akajiegemeza ukutani, miguu imenyooshwa mbele, akafumba macho. Hakuwa amelala. Alikuwa anasikiliza magoti yake.

Twaiba hakuichukua suruali. Alichukua kitambaa kimoja kwenye lile rundo apate cha kupangusia meza, maana kwake kitu cha pamba hakitupwi, hata kama kimemshinda msomi. Akakikunjua mlangoni kwenye mwanga. Akakigeuza huku na huku.

"Baba Subira, hapa pembeni mbona pameshika?"

"Hapo palichungulia nje ya kioo," akajibu bila kufumbua macho. "Nilikilaza kitambaa upande."

Twaiba akamsogelea nacho.

Abdulaziz akafumbua macho. Akanyoosha mkono, akapewa kitambaa. Ukingoni palikuwa na mstari wa buluu wenye upana wa kidole, buluu nzito, buluu ya haki, iliyoanza pale kioo kilipoishia na kukatika pale kioo kilipoanza, kama imepigwa rula. Ndani ya mstari ule, peupe.

Akampigia Fondo simu kumuuliza vile vioo hoteli ilivinunua vya nini. Fondo akafikiri, akakohoa, ndipo akakumbuka. Vilikuwa vioo vya bei kubwa, vilivyoagizwa makusudi ili jua la Diani lisipaushe mapazia na makochi. Vinaruhusu mwanga, jua vinalikataa.

Abdulaziz akaweka simu chini. "Mama Subira," akasema polepole, "nimejenga jua kwa mikono yangu, kisha nikalifungulia mwavuli."

Nimewahi kusikia watu wakiwacheka wenzao waliofunga ng'ombe nje na kamba ndani. Lakini nani kati yetu angekikataa kioo cha hoteli? Mngemletea kioo cha dukani, angekikagua mara tatu. Cha hoteli alikibusu.

Twaiba hakucheka wala hakusema lile aliloliweka akiba kuhusu kitanda. Aliliendea kabati lake la vyombo, lile alilokuja nalo akiwa bi harusi, akatoa sahani za wageni moja moja akazipanga juu ya mkeka, halafu akakivuta kioo cha mlango mpaka kikatoka kwenye reli yake. Kioo chembamba, cha kawaida, cha fundi wa mtaani. Akakifuta kwa upindo wa leso yake, akakilaza sandukuni kwa mkono wake mwenyewe.

"Hiki hakijawahi kukataa jua," akasema. "Sahani zangu zote zimepauka maua."

Stima iliporudi waliwasha dakika ishirini na tano. Aliyeingiza kitambaa majini ni Twaiba. Kwanza yakatoka maji ya manjano. Kisha, taratibu, ukaanza kutokea ufuko, mivinje saba imeinama, na mbuzi mmoja aliyegeuza kichwa kama ameitwa jina lake. Buluu yake hata mimi sina maneno, na mimi maneno huyaazima hata kwa watu wasionipa. Mume na mke walisimama wakiliinamia beseni, hakuna aliyesema Alhamdulillahi mpaka baadaye, kwa kusahau.

Lakini zilikuwa zimebaki siku tatu, na mtu aliyechoka haachi kuchoka kwa sababu amefaulu. Jumanne alipata picha tatu, Jumatano tatu, pamoja na ile ya kwanza zikawa saba. Chumba kilikuwa na joto la tanuri, blanketi madirishani, yeye ameketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akihesabu dakika kwa saa ya ukutani. Alhamisi akatengeneza tano za mwisho, zote zikatoka vizuri. Jambo la kuudhi ni kwamba Alhamisi hiyo jua liliwaka tangu asubuhi mpaka magharibi, jua kavu, jua la kuanikia nazi, mtaa mzima wametoa magodoro nje. Yeye hakujua. Alikuwa ndani anachoma picha kwa taa za nzi.

Pipa la mvua lilikuwa limeshuka, na kando yake lipo pipa lingine linalofanana nalo, la maji ya kisima ya kuoshea vyombo. Alasiri ile macho yalikuwa yakimfumba yenyewe. Akachota, akajaza beseni, akazitia zile tano ziloweke vizuri, akaenda kuswali, akarudi akajilaza kidogo. Kidogo hicho kikafika Ijumaa asubuhi. Alipofunua beseni, chokaa ilikuwa imeila buluu yote. Zilikuwa zimebaki picha tano za rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, mivinje haionekani, mbuzi wamehama. Alikamua ndimu ndani, ndimu tatu, ukali wake uishinde chokaa, akijua ni kumpa maiti uji.

Ningeweza kuwaambia kwamba alipeleka kumi na mbili, na nani angekwenda Galu kuhesabu? Alipeleka saba. Alizikunja ndani ya shuka, akapanda tuktuk, na njia nzima hakuwa akifikiria la kumwambia Judy. Alikuwa akifikiria geti, na kama mlinzi huruhusiwa angalau kuegemea.

Judy alizitandaza juu ya vitanda vipya ambavyo bado vilikuwa na nailoni. Alizitazama kwa muda mrefu, jambo ambalo kwa mtu wa bara ni adimu. Abdulaziz akamweleza habari ya maji bila kupunguza, kwamba tano zimeharibika na kosa ni lake, akaomba radhi. Judy akamuuliza kama kweli ametengeneza hizi ndani ya nyumba, kwenye mvua yote ile. Akasema ndiyo. Akamuuliza kwa kutumia nini. Akasema kwa taa za nzi na mlango wa kabati la mkewe. Judy akatazama pembeni kidogo.

"Vyumba vya chini ni saba," akasema. "Vya juu rangi haijakauka, hao wageni wanakuja mwezi ujao. Niletee zile tano mwisho wa mwezi, na usikimbie. Halafu kila mwezi uniletee zingine. Wageni watataka kuzibeba waende nazo kwao."

Abdulaziz aliuliza kama anaweza kukaa chini. Akaketi ukingoni mwa kitanda cha watu, nailoni ikalia, akabaki hapo mpaka alipoletewa maji.

Sasa ndugu zangu, njooni karibu, maana Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Boga alifika baada ya alfajiri kama alivyoahidi, pikipiki inanguruma, mtaa mzima umetoka, watu wasiopungua mia mbili, wengine wamepanda juu ya ukuta. Abdulaziz akatokea mlangoni amevaa kanzu nyeupe, kifua mbele, magoti yamenyooka kama ya kijana wa miaka ishirini. Akamtazama shemeji yake kutoka juu mpaka chini, akapaza sauti iliyosikika mpaka gatini Shimoni, akasema: Ewe Boga, mtu aliyelitia jua sandukuni hasimami kwenye geti la mtu yeyote chini ya mbingu hii, nenda ukawaambie matajiri wako wa Ukunda kwamba Abdulaziz bin Shutu—

"Mjomba," akasema Abdulaziz, ambaye nilikuwa nikimsomea karatasi hizi anipe idhini. Alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, macho yamefumba, nami nilidhani hasikilizi. "Mimi sikusema neno. Nilikuwa nimelala. Mama Subira ndiye aliyetoka, akamwambia kaka yake azime pikipiki, asiniamshe."